Jina la Mtu wa Pikipiki

Yuko mbele yangu kwenye foleni ya duka la dawa,
mkono wa kushoto umeshika cheti cha daktari,
wa kulia umeshika kiuno
chenye skrubu sita alizotiwa Uholanzi.
Simgusi. Simwiti.
Birigui ni mji wa viwanda vya viatu vya watoto,
nami nimegundisha soli miaka thelathini na miwili:
namjua mtu kwa mwendo kabla sijamwona uso.

Huyu, akifika kona ya benki,
hulalia upande.
Kidogo tu. Goti hutoka nje kabla ya mguu,
bega hushuka,
kana kwamba lami bado inamdai.

Nambari arobaini na saba.
Mbio za Japani zilitufikia usiku wa manane,
baba akiwa juu ya paa anageuza antena
aliyoivisha nyuzi za kusugulia sufuria,
mama dirishani akipaza sauti: "Hapo! Hapo! Usitikisike!"
Na baba akabaki hapo mizunguko yote ishirini na mitatu,
akisikiliza mbio asizoziona.
"Wa ngapi? Ariovaldo wa ngapi?"
"Wa nne!"
"Na sasa?"
"Wa nne, shuka ukalale!"

Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, tusidanganyane.
Mara mbili wa pili, mara moja wa tatu,
na mwaka ule wa mvua, huko Uholanzi,
injini ilimfia mita mia nne kabla ya bendera.
Akashuka. Akaisukuma,
kofia ngumu kichwani, buti la kushoto limepasuka,
akavuka mstari akiwa wa kumi na moja
na kuliangukia tangi
kama mtu anayemkumbatia ng'ombe wake mgonjwa.

Mshindi wa siku hiyo simkumbuki.

Aliporudi, gari la zimamoto lilimzungusha mjini,
kiwanda kikafungwa saa nne asubuhi.
Msimamizi wetu, Bwana Odorico,
aliyekata mshahara kwa dakika tatu za kuchelewa,
alilia mbele yetu bila kujificha.
Tukashona kiatu cha 47, chekundu, mpira mgumu ubavuni,
kikauzwa hadi Belém.
Na karani wa vizazi, aliyezoea Marcos na Luiz,
akaandika Ariovaldo mara kumi na tisa
kati ya Pasaka na Krismasi:
jina la babu wa mtu, jina la kabatini,
ghafla linanukia petroli.

Kisha?
Kisha duka la vipuri likafilisika.
Kisha tangazo la mafuta ya injini, ukutani pa stesheni,
likachujuka na uso wake,
jua likaanza na macho.
Wakaja vijana wengine, na runinga
isiyohitaji mtu juu ya paa.

"Jina?" anauliza kijana wa dawa, macho kwenye kompyuta.
"Ariovaldo Pimentel Zanqueta."
Kijana anacheka kwa pua. "Somo yangu!"
Anagonga kibandiko kifuani.
"Mama alinipa la mtu fulani wa pikipiki.
Shuleni walinicheka mpaka nikamlaani mtu huyo."

Foleni nzima imenyamaza.
Mimi natazama viatu vyangu.
Mzee anapanga sarafu juu ya kioo,
moja, moja, kwa vidole visivyokunjika vizuri.
"Alikuwa wa ngapi, huyo mtu?"
"Sijui," anasema kijana. "Nadhani alishinda."
Mzee anafikiri.
"Basi usimlaani sana," anasema,
na kuitia mfukoni chenji yake.

Natoka nyuma yake, dawa yangu ya presha nimeisahau.
Kona ya benki ndiyo ile.
Goti. Bega.
Anaingia kwa ndani kabisa, amebana ukingo,
anampita kijana wa mikate
aliyeshuka kwenye baiskeli kujibu simu.